Mnunuzi anataka kila loti (fungu la mzigo lenye namba moja) ya kobalti iingie kwenye mfumo wa pamoja wa data. Tukubali?

MwanaLushi:
Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, mwaka wa tisa sasa nashughulikia makaratasi ya duane (forodha) kwa kamyo za haidroksaidi ya kobalti, unga wa madini ya betri, zinazotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Namba ya sili ya kila mfuko naiandika mara tatu: karatasi ya mizani, daftari langu, karatasi ya duane. Juzi tarakimu mbili ziligeuzana humo katikati, na dereva akalala siku nne kwenye foleni, mvua inanyesha. Iliniuma sana.

Sasa mnunuzi anataka loti zote ziingizwe kwenye mfumo unaofika hadi kwa watengenezaji magari wa Ulaya. Bosi amekataa, anasema washindani wataona bei zetu na wanaotuuzia. Ni kweli wataona? Na sisi tunapata nini?

Fundi_wa_Seva:
Yaya, hofu ya bosi ina msingi, ila mifumo hii si ghala moja ambamo kila mtu anamwaga siri zake. Chukua Catena-X, ulioanzia Ujerumani 2021, BMW, Mercedes-Benz na SAP wakiwamo. Data inabaki kwenye seva ya mwenyewe. Mlangoni kuna programu, konekta, inayoangalia nani anaomba, anaomba nini, na ameruhusiwa kuitumia kwa kazi gani. Tena kila mmoja anaonana na anayemuuzia na anayenunua kwake tu.

Watengenezaji magari wana sababu ya haraka. Chipu zilipoadimika 2021, viwanda vilisimama, na wengi hawakujua chipu zao zinapitia kwa nani. Halafu kuna sheria: kuanzia 18 Februari 2027, betri ya gari la umeme haitauzwa Umoja wa Ulaya bila pasipoti yake ya kidijitali, yaani rekodi ya betri hiyo kwenye mtandao.

Lakini mnunuzi akiwaambia mumtumie jedwali zima kwa barua pepe, kataeni. Hapo mnampa data yenu bure.

Mama Depo, Kolwezi:
Konekta itabeba kile ilicholishwa. Mimi nashinda depo, pale tunaponunua mawe ya wachimbaji wadogo. Mchimbaji analeta gunia kwa baiskeli, linamwagwa juu ya la mwenzake, jioni loti imekuwa moja na ndipo inapewa namba. Kabla ya seva, zuieni kuchanganya, na mumlipe vizuri kijana anayefunga sili.

MwanaLushi:
Aksanti sana, mama. Hilo la kijana nalibeba kama lilivyo.

Februari 2025 serikali iliposimamisha kobalti kutoka nchini, mnunuzi alinipigia kila siku kuuliza mzigo uko wapi. Mimi sikuwa na njia ya kujua ghala lake limebaki na kiasi gani, wala nimwambie nini dereva mwenye kamyo iliyojaa. Kwa hiyo nitamwomba bosi akubali kwa masharti mawili: namba isomwe mara moja tu, kwenye mizani, na habari za bandarini na za ghala zirudi huku kwetu pia.

Mama Depo, mizani yenu inatoa namba yenyewe kwenye kompyuta, au bado mnaandika kwa mkono?