Kwa nini Lady Macbeth ndiye anayerukwa na akili?

MwalimuMbale:
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha fasihi kidato cha tano hapa Mbale, na wiki hii tumemaliza Macbeth, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Uskoti anayemuua mfalme wake ili atawale, akichochewa na mkewe, Lady Macbeth. Somo ni la Kiingereza, ila mjadala ukipamba moto huhamia kwenye Kiswahili. Mwanafunzi mmoja ameniuliza jambo nililoshindwa kulijibu palepale: usiku wa kumuua Mfalme Duncan, mume ndiye anayetetemeka, na mke ndiye anayesema kwamba maji kidogo yatawasafisha; lakini katika tendo la tano mke huyohuyo anatembea usingizini akisugua mikono, ilhali mume amekuwa mtu asiyeshtushwa na lolote. Je, hatia imehama kutoka kwa mmoja ikamwingia mwingine? Na hilo neno lenyewe, tuseme hatia, majuto, au nini?

MsomajiJinja:
Mwalimu, mimi sikubali kwamba mke alikuwa na moyo mgumu. Katika tendo la kwanza anawaomba pepo wamwondolee huruma, na asiyekuwa na huruma haombi aondolewe. Kisha usiku wa mauaji anatamka sentensi moja ambayo wasomaji wengi huipita mbio: kwamba angemuua Duncan yeye mwenyewe, lau mzee yule asingefanana na baba yake alipokuwa amelala. Kwangu mimi mchezo mzima umo humo. Hatia haikuhama, ilikuwamo ndani yake tangu usiku ule, ikisubiri apate utulivu. Na utulivu huo anapewa na mumewe, ambaye katika tendo la tatu anapanga kumuua Banquo, jemadari mwenzake, bila kumshirikisha mke. Mume ana damu mpya ya kumshughulisha kila siku, ilhali mke amebaki na ile ya kwanza tu, anairudiarudia usiku kucha mbele ya daktari na mtumishi wanaomsikiliza.

Mfasiri_Kampala:
Nijibu suala la neno. Hatia ni ya mahakamani: mtu anaweza kuwa nayo na bado akalala fofofo. Majuto nayo yanamhitaji mtu atamani kurudi nyuma, na Macbeth, akishafika katikati ya mto wa damu, anaona kuendelea mbele na kurudi ni taabu ileile. Mimi ningesema *kusutwa na nafsi*. Anayesutwa huletewa maneno yake mbele ya watu, na hapo hana pa kujificha. Tazama karamu ya tendo la tatu: marehemu Banquo anakuja kuketi kwenye kiti cha mfalme, wageni wanaona kiti kitupu, na mwenyeji anakiambia kiti hicho kwamba hakiwezi kusema ni yeye aliyefanya. Huo ndio utetezi wa mtu anayesutwa! Tena ni kweli kwa herufi, maana aliwatuma wauaji.

Na kuhusu neno la tamaa inayomsukuma Macbeth kuua, *uchu wa madaraka* ni wa wanasiasa wa redioni. *Kutaka makuu* kunamfaa zaidi, kwa kuwa Macbeth mwenyewe anakiri, kabla ya kuua, kwamba Duncan ni jamaa yake, mfalme wake na mgeni wake, na kwamba hana kinachomsukuma ila hicho.

MzeeWaMaktaba:
Naongeza dogo tu. Macbeth wa historia alimshinda Duncan vitani mwaka 1040, akatawala Uskoti hadi 1057. Kitanda, mgeni aliyelala na walinzi waliolevywa havimo katika vita hivyo. Mwandishi aliyetaka habari ya uchu peke yake angetosheka na vita. Shakespeare alihitaji mgeni aliyelala.

MwalimuMbale:
Nawashukuru sana, ndugu zangu. Ile sentensi ya baba nilikuwa nimeipita mbio mimi pia, kwa miaka kadhaa. Jumatatu nitaweka kiti kitupu mbele ya darasa, nimchague kijana mmoja akiambie kiti hicho kwamba si yeye, na wenzake wote wawe wageni wasioona kitu.