Nikimaliza kitabu ninasahau: niandike pambizoni au niwe na daftari?

Msomaji wa Umoja:

Hamjambo, wanajukwaa. Ninaishi Umoja na kazi yangu iko katikati ya jiji, kwa hivyo kila siku ninakaa ndani ya matatu karibu saa tatu nzima, kwenda na kurudi, na muda huo nimeutenga kwa ajili ya vitabu. Mwaka jana nilisoma vitabu 22, vingi vikiwa vya historia, ambavyo nilivinunua kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika au nikaviazima maktabani. Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko chuo kikuu aliniomba nimweleze hoja kuu ya kitabu kimoja kuhusu ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, nami sikuweza kumwambia zaidi ya sentensi mbili. Nilipokifungua kitabu chenyewe, karibu kila ukurasa nilikuwa nimeupaka rangi ya manjano kwa mkono wangu mwenyewe. Jambo hilo limeninyima raha. Je, kosa liko katika namna ninavyotia alama, au ninahitaji shajara ya usomaji? Na vitabu vya maktaba, ambavyo siruhusiwi kuvichora, nivifanyeje?

Mwalimu wa Buruburu:

Ndugu, rangi hiyo ya manjano ndiyo iliyokuhadaa. Mwaka 2013 wanasaikolojia wa Marekani, wakiongozwa na John Dunlosky, walipitia utafiti kuhusu mbinu 10 za kujifunza, wakaona kwamba kupaka rangi na kurudia kusoma havimsaidii sana msomaji, ilhali kujipima mwenyewe na kurudi kwenye somo baada ya muda humsaidia mno. Sentensi iliyopakwa rangi huzoeleka machoni, na akili huchukulia mazoea hayo kuwa ni kuelewa. Ninaliona hili darasani kila muhula.

Ushauri wangu ni kwamba usome sehemu nzima kwanza bila kushika kalamu, kisha urudi na penseli na utie alama pale tu unapoweza kuandika kando yake neno la kueleza kwa nini. Mstari usio na neno pembeni ni kama kengele iliyopigwa bila watu kuambiwa wanaitiwa nini. Chukua hicho kitabu chako cha reli. Mwandishi akisema kwamba reli ilifika Nairobi mwaka 1899, usiipigie mstari tarehe hiyo, andika pambizoni "kwa nini hapa?" Ukiendelea kusoma utaona kwamba palikuwa na uwanda tambarare wenye maji, mahali pafaapo kuweka karakana kabla ya kuanza kuipanda milima inayoelekea Bonde la Ufa, na tarehe itakaa kichwani yenyewe kwa kuwa sasa imeshikana na sababu.

Mtunza vitabu:

Nitajibu kuhusu vitabu vya kuazima tu, maana ndiyo kazi yangu. Tafadhali usitumie hata penseli, kwa sababu ufutio huikwaruza karatasi ya zamani, na vikaratasi vya kunata huacha gundi. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida, uuweke ndani ya kitabu kama kialamisho, na uandike juu yake namba ya ukurasa na maneno matatu au manne. Ukirudisha kitabu, ukanda unabaki kwako na unaweza kuubandika katika daftari.

Mzee wa South B:

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nimezoea kuona maelezo yakiandikwa kando ya mashairi. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, zimetufikia kwa sababu baadaye Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmishenari Mwingereza William Taylor, alizikusanya na kufafanua maneno ambayo watu walikuwa wameanza kuyasahau. Mwandishi wa maelezo humwandikia msomaji atakayekuja, na kwako wewe, ndugu, msomaji huyo ni wewe mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Kwa hivyo sikubaliani na Mwalimu wa Buruburu kwamba kalamu isubiri. Mshangao wa kusoma mara ya kwanza haurudi, nami huuandika papo hapo, hata kama baadaye nitaona nilikosea.

Ama daftari, Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Ndiyo maana siandiki mukhtasari nikiwa nimekifungua kitabu. Jioni hukifunga, nikaandika nusu ukurasa kutoka kichwani, kisha nikakifungua na kusahihisha kwa wino mwekundu. Baada ya wiki moja hujaribu tena bila kutazama, na baada ya mwezi pia. Palipo na wino mwekundu mwingi ndipo ninaporudi kusoma. Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeufanya faharasa ya mada, ili nikitafuta "ardhi" au "kodi" nione ni vitabu vipi vilivyozungumzia jambo hilo.

Msomaji wa Umoja:

Nawashukuru nyote. Matatu hutikisika mno kwa kuandika, kwa hivyo nimeanza kutumia ukanda wa karatasi hata kwa vitabu vyangu mwenyewe, na daftari nalifungua nifikapo nyumbani, kabla ya chakula. Jana nilijaza robo ukurasa tu, na zaidi ya nusu yake ilisahihishwa kwa wino mwekundu. Mzee, naomba kuuliza: kitabu kikiwa na sura nyingi fupi, unaandika baada ya kila sura au unangoja siku iishe?

Mzee wa South B:

Ninangoja siku iishe. Ukiandika mara tu baada ya sura, unanakili kilichobaki masikioni, hukumbuki.