Stemu zitumwe vipi bila kuanika taarifa za wasanii: WhatsApp, Drive au 7-Zip?

Dundo_RiverRoad: Wadau, nalinganisha njia za kutuma stemu (faili za sauti, kila ala au sauti peke yake) kutoka Nairobi kwa mmiksi, yaani mchanganya sauti, aliye Mombasa. Wimbo haujatoka. Stemu 30 za stereo, biti 24, kHz 48, dakika 4: jumla karibu GB 2. Kwenye folda hiyo kuna karatasi ya mgao (nani anapata asilimia ngapi ya wimbo) yenye namba za vitambulisho, PIN za kodi za KRA na namba za M-Pesa. Nataka kujua nani mwingine anaweza kuona nini.

Mama_Faders: Kwanza toa hiyo karatasi. Mmiksi anahitaji stemu, tempo na miksi ya kuongozea, basi.

WhatsApp imefumbwa mwisho hadi mwisho (anasoma mtumaji na mpokeaji tu), lakini kikomo ni GB 2 kwa faili, na chelezo (bakapu) ya mpokeaji haifumbwi hivyo mpaka mwenyewe aiwashe. Angalia pia picha ya kava: ukiituma kama dokumenti inaweza kubeba GPS ya mahali ilipopigwa.

kijana_wa_besi: Kwa ukubwa huo ni Drive. Usifungue kiungo kwa yeyote aliye nacho; kikirushwa kwenye grupu moja tu, kila mtu anapakua. Andika barua pepe ya mmiksi, mpe kutazama tu, kisha umwondoe akimaliza. Nakala aliyokwisha kupakua hairudi.

Mama_Faders: Sawa, ila Google wenyewe wanaweza kuzifungua faili hizo. Fumba kabla ya kupakia.

SautiSafi: Ndiyo, na hapa wengi hukosea. Kwenye 7-Zip, programu ya kubana na kufumba faili, chagua muundo wa 7z, si zip. Zip yenye nenosiri bado inaonyesha majina ya faili, na jina la msanii mgeni kwenye "hook_fulani.wav" linatosha kuvujisha kolabo nzima. Tena 7-Zip ikitengeneza zip huanza na ZipCrypto, njia ya kufumba ambayo ni dhaifu. Kwenye 7z unapata AES-256, iliyo imara. Weka tiki kwenye kisanduku cha kufumba majina ya faili, usikiruke.

Mtandao ukikatika-katika, gawa vipande vya MB 500. Vyote vikae folda moja. Kikikosekana kimoja, hakuna kitakachofunguka sawasawa. Mwenye Mac atumie programu ya Keka. Nenosiri mtajie kwa simu, lisipite palepale lilipopita faili.

Dundo_RiverRoad: Na nikituma projekti yenyewe ya Ableton, programu ninayorekodia?

SautiSafi: Hapana, dada/kaka. Faili ya projekti, .als, ni maandishi ya XML yaliyobanwa tu kwa gzip, hayajafumbwa. Yeyote akiifungua anasoma folda zilipo sampo zako (vipande vya sauti ulivyotumia), pamoja na jina la mtumiaji wa kompyuta. Tuma WAV. Nazo WAV huweza kubeba tarehe, saa na programu iliyorekodi. Safisha nakala kwa ffmpeg, programu ya kuandikiwa amri:

`ffmpeg -i gita.wav -map_metadata -1 -fflags +bitexact -c copy gita_safi.wav`

Sauti haiguswi. Ila alama ya mahali pa stemu kwenye wakati hupotea pia, kwa hiyo toa stemu zote zikianzia baa ya 1, la sivyo mmiksi atazipanga kwa masikio. ExifTool, programu ya kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, iache kwa picha. WAV na MP3 inazisoma tu.

kijana_wa_besi: Karatasi ya mgao iende kwa waliotia saini pekee, PDF yenye nenosiri. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, studio inayohifadhi vitambulisho vya watu inawajibika navyo: vikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa hiyo namba ambazo hamzihitaji tena, zifuteni leo.