Tupeane uzoefu: umepandikizwa figo ukiwa kijana, halafu ukapenda

Mwana Kihonda: Jana usiku ndani ya daladala simu ya binti mmoja wa sekondari ililia saa mbili kamili, naye akatoa kikopo cha dawa mkobani, akameza bila maji huku akimpa mgongo kijana aliyekaa naye. Nilimtambua mara moja kuwa ni mwenzetu, kwa maana dawa za kuzuia mwili usiikatae figo huniita nami saa hiyo hiyo, asubuhi na usiku. Ninyi mliopandikizwa mkiwa bado vijana, mliwaambiaje wapenzi wenu?

Mkazi wa Makole: Kabla ya kuambiwa, mtu hukuona. Nilipandikizwa hapa Dodoma nikiwa kidato cha tano, na prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, ambayo dozi yake huwa kubwa miezi ya mwanzo, ilinivimbisha uso ukawa wa duara, ikanijaza chunusi na njaa isiyoisha. Siku ya kurudi shuleni nilipiga shati pasi tangu alfajiri kwa ajili ya msichana niliyekuwa nikiandikiana naye muda wote wa kusafishwa damu. Tulikutana nje ya maabara, alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo." Alidhani mimi ni mwalimu mgeni. Sikujua kama niitikie marahaba au nijitaje jina. Wenzake walipoanza kucheka ndipo akanitambua, akalia, na kilio chake kiliniumiza kuliko kile kicheko. Dozi ilipopunguzwa uso ulirudi, lakini yeye alikuwa amekwisha kuzoea kunihurumia, na huruma si uchumba.

Bi Ubungo: Ni kweli tupu. Picha zangu zote za mahafali nimezikata kichwa.

Mdogo Mtu: Mimi nilipelekwa India nikiwa na miaka 16, kwa kuwa upandikizaji ulikuwa haujaanza Muhimbili, ulikoanza mwaka 2017, na aliyenitolea figo ni dada yangu wa kwanza. Nilipofika miaka 19 wakaja washenga na barua ya posa. Dada alisimama katikati ya sebule akasema kwamba ndani ya binti huyu mna kiungo chake, naye hayuko tayari kiende kuishi nyumba moja na mvuta sigara. Washenga walicheka wakidhani ni utani wa shemeji, mpaka alipoinua blauzi kidogo akawaonyesha kovu. Baba mdogo aliitia barua mfukoni, na posa ikarudi ilikotoka.

Mzee wa Pongwe: Dada amekosa adabu. Ukishatoa, umetoa, hufuati kitu chako mpaka chumbani kwa watu.

Bi Ubungo: Wewe mzee umewahi kutoa hata damu? Mwache dada wa watu.

Nesi Mstaafu: Mkiendelea kugombana, mabinti watakosa la muhimu. Anayetumia mikofenoleti, nayo ni dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, asishike mimba, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Daktari huibadilisha, mara nyingi kwa azathioprini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, angalau wiki 6 kabla ya kutafuta mimba, na kwa kawaida hushauri mtu asubiri mwaka mmoja au zaidi tangu upasuaji. Msiziache wenyewe kwa siri. Kuzaa kunawezekana: Edith Helm wa Marekani alipandikizwa figo ya pacha wake mwaka 1956, akajifungua mwaka 1958. Na mchumba akiwaletea balungi, mshukuruni, msile, kwani hupandisha katika damu kiwango cha takrolimasi, nayo ni mojawapo ya dawa zetu hizi.

Mkazi wa Makole: Kwangu mimi, mwambie siku ya kwanza, asiyetaka aondoke mapema.

Bi Ubungo: Siku ya kwanza umwambie nini, na jina lako hajalishika? Mwagize akukumbushe saa mbili usiku kwa mwezi mzima, akipitiwa mara mbili umpe nauli ya kurudi kwao.

Mwana Kihonda: Mdogo Mtu, huyo kijana wa posa aliishia wapi?

Mdogo Mtu: Aliacha sigara na barua imeletwa upya, ila dada humnusa shati kila anapokuja kusalimia.

Mzee wa Pongwe: Hapo sasa namuunga mkono dada.