Naomba ushauri: kichemshio cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kinatapika maji

Assalaam aleykum wataalamu. Niko Wete, Pemba, natoa mafuta ya makonyo kwa mvuke. Kichemshio changu kimesimama wima: vipaipu 24 vya milimita 16 kwa ndani, maji yanachemka humo, mvuke wa boila unapita nje. Kinanyamaza dakika mbili, halafu kinatapika, gduu! Pipa zima la kutolea mafuta linatikisika na mafuta yanatoka machafu.

Nimepunguza mvuke, nimesugua chokaa (maji ya kisima chetu ni magumu kweli), wapi!

Nashuku paipu ya kurudisha maji na mvuke pipani kutoka kwenye kichemshio. Ni inchi 2 tu, na vipaipu vyote kwa pamoja vina nafasi ya kupitishia zaidi ya mara mbili yake. Niipanue kwanza? Na maji pipani yasimame usawa wa bamba la juu linaloshika vipaipu, au chini yake?