Mrejesho: ile insha yangu ya maombi ya chuo Marekani

Wakuu, narudi. Mwezi wa kumi niliwaomba mnisomee insha yangu ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani), ile ya "tangu utotoni nina ndoto ya kuwa daktari". Mkanichana bila huruma, na mlikuwa sahihi: yeyote angeweza kuiandika.

Nikaifuta yote, nikaandika kuhusu daftari la madeni la duka la mama. Mama hajui kusoma, kwa hiyo kila mdeni ana mchoro wake. Nyundo ni fundi seremala. Mwalimu mmoja mzito wa kulipa kachorwa kobe. Nilipokuwa darasa la sita nilimpangia majina vizuri kwa herufi, akashindwa kumpata hata mdeni mmoja. Kisa hicho ndicho kikawa uti wa mgongo wa insha.

Rasimu ilifika maneno 1,100 na mwisho ni 650. Kukata kuliniuma kuliko kuandika. Aliyesema niisome kwa sauti, ubarikiwe. Kila nilipojikwaa, nilifyeka.

Vyuo vitatu vimenikataa, kimoja kimenikubali na ufadhili karibu wote. Sasa nahangaikia viza. Kwenye daftari nimechorwa ndege, nadaiwa soda mbili.