Tupeane uzoefu: mgonjwa kazidiwa usiku kijijini, mlimfikishaje hospitali?

Wakuu, poleni na majukumu. Sera tuwaachie wenyewe, hapa tusimulie yaliyotukuta. Naanza. Kwetu Ulanga, kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa 2018, ukizidiwa usiku ulikuwa unasubiri kivuko cha asubuhi. Baba mdogo alibanwa na ngiri, tukakesha naye ukingoni anatapika, hospitali iko ng'ambo. Alipona. Daraja tunalo sasa, ila masika kutoka kijijini hadi kulifikia ni tope tupu.

Boda wa Kilindi: Huku ambulansi ni sisi. Mgonjwa anakaa katikati, ndugu anamkumbatia kwa nyuma, safari. Siku moja nilikataa kumbeba jamaa aliyeanguka mwembeni, nikaambiwa nina roho mbaya. Jamani, mtu hasikii miguu, ukimkunja kwenye pikipiki si unammalizia? Tuling'oa mlango wa nyumba, tukamlaza juu yake, tukamfunga kwa shuka mbili, tukasubiri fuso la mkaa.

Nesi wa zahanati: Kaka, ulifanya sahihi kabisa. Mimi niwape ya upande wetu. Mama kajifungua salama, tunashangilia, ghafla damu zinamwagika. Nimemchoma oksitosini, ile sindano ya kukaza kizazi, nimetundika dripu, mkono mmoja nasugua tumbo ili kizazi kikaze, simu nimeibana begani. Kutoka damu namna ile kunaweza kuua ndani ya saa mbili, na zahanati hatuongezi damu. Gari la kituo cha afya lipo, dereva yupo, mafuta hakuna!

Nikapiga 115, ile ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa kina mama, haina makato. Wakauliza hali ya mgonjwa, wakamtafuta dereva jamii aliyesajiliwa, ikaja Noah ya abiria. Dripu tuliifunga kwa kitenge kwenye kishikio cha juu ya mlango, mimi nimepiga magoti katikati ya viti bado nasugua. Dereva analipwa kwa simu, ndugu hawachangishwi. Mfumo ulipoanza kusambazwa nchi nzima 2022 nilidhani ni maneno tu. Kwa hili nawavulia kofia. Kero ni mtandao, kwetu unashika mlangoni kwa stoo tu.

Mtu wa Ukerewe: Noah itapita wapi huku? Visiwa vidogo ni mtumbwi wa injini, na ziwa likichafuka hata mvuvi mzoefu anakuambia tusubiri. Hapo mgonjwa ni wa Mungu.

Mgeni2: Nesi, aliyeumwa na nyoka naye anapiga 115?

Nesi wa zahanati: Hapana ndugu yangu. M-mama ni kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na vichanga. Wa nyoka mtafutie gari, asitembee, mguu usichezechezeshwe. Msimchanje, msimfunge kamba ya kukata damu. Pigeni kwanza kituo kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana si kila kituo wanayo, msije mkafika mkaambiwa muendelee wilayani.

Boda wa Kilindi: Kwa hiyo sisi wanaume tuendelee na milango.

Mwanzisha mada: Ndiyo hali halisi, mkuu. Kitongoji chetu tunachanga kila mwezi, fedha anatunza mama mmoja wa kikoba, na mwenye pikapu kakubali kuamshwa saa yoyote, tunamlipa mafuta tu. Kuna wengine wenye mfuko kama huu? Mnawafanyaje wasiochanga wakipata mgonjwa?